Jino limetoboka? Jua kwanza limefika wapi ndo uulize litazibwa na nini

Swali ninaloulizwa kuliko yote kazini ni hili, "daktari, ipi nzuri, ile nyeupe au ile ya rangi ya fedha?", na mtu anauliza hata mdomo hajafungua. Mi kwanza sio daktari, ni tabibu wa meno, ila watu wote wa koti jeupe wanaitwa daktari kwaiyo nimeshazoea. Na jibu langu huwa linawaudhi watu: sijui bado. Sijaliona shimo. Material ya kuziba haichaguliwi na mimi wala na pochi yako peke yake, inachaguliwa na shimo, liko wapi, limeenda chini kiasi gani, jino bado lina uhai au limeshakufa, na hapo mahali panaweza kukaushwa au pamejaa mate na damu. Sasa nimeamua niandike taratibu hatua kwa hatua ili siku ukikaa kwenye kiti ujue kinachotafutwa mdomoni mwako na ujue cha kuuliza.

Hatua ya kwanza: lisikilize jino kabla hujatoka nyumbani

Hii inadharauliwa sana ila nusu ya kazi iko hapa. Chukua karatasi au simu andika. Maumivu yanakuja na nini: maji ya baridi? Sukari? Chai ya moto? Kutafuna? Au yanakuja yenyewe umekaa zako tu unaangalia mpira? Yakija yanakaa sekunde ngapi? Yanakuamsha usiku? Ukilala chini yanazidi? Unaweza kuonyesha kwa kidole jino lenyewe au unaona upande mzima unauma mpaka sikioni?

Mbona nauliza hivo. Kwa sababu jino lina kiini katikati, kile watu wanakiita mshipa, kina damu na neva, na kiini kikianza kuwashwa na uozo kinasema kwa namna yake. Baridi ikigusa ukaruka alafu baada ya sekunde chache kumetulia, mara nyingi kiini kimeudhika tu lakini kinaweza kupona, tukiziba vizuri kitatulia. Ila baridi ikishatoka na maumivu yanaendelea dakika nzima au zaidi, au yanaanza yenyewe saa nane za usiku unazunguka chumbani umeshika shavu, hapo kiini kimeshavuka mto, kuziba tu hakutasaidia. Alafu kuna hatua ambayo watu wanashangilia bure, jino lililouma wiki mbili ghafla linanyamaza, mtu anasema amepona. Hajapona, kiini kimekufa. Hao wanarudi miezi baadae shavu limevimba kama wameweka embe.

Usimeze dawa ya maumivu asubuhi ya siku unayokuja kama unaweza kuvumilia, maana tutalipima jino na dawa inatuficha ukweli. Kama huwezi kuvumilia meza, ila useme umemeza nini na saa ngapi. Usiweke aspirini kwenye ufizi jamani, inaunguza nyama inabaki nyeupe kama imemwagiwa maji ya moto, nimeona sana. Na ile tabia ya kwenda duka la dawa kununua amoksilini na flajili kila jino likiuma, zile dawa haziingii kwenye shimo kuziba chochote, zinapunguza usaha kwa siku kadhaa alafu mchezo unaanza upya, na vijidudu vinazidi kuwa sugu.

Kuna hali moja haina foleni: shavu au chini ya kidevu kumevimba na kunasambaa, una homa, mdomo haufunguki vizuri, kumeza shida, au pumzi inabana. Hapo usisome hata mwongozo huu, nenda hospitali kubwa sasa hivi, hata kama ni usiku. Uvimbe wa jino ukishuka shingoni unaua mtu.

Hatua ya pili: jiangalie kwa tochi ya simu

Piga mswaki vizuri, suuza, alafu kaa mbele ya kioo na tochi ya simu. Usitafute shimo jeusi tu. Uozo unaanza mweupe. Yaani ile ganda ya nje ya jino, enameli, ikipoteza madini inakuwa na doa jeupe butu kama chaki, mara nyingi karibu na ufizi pale uchafu unapokaa. Hilo doa ndo habari njema kabisa kwako kwa sababu bado halijatoboka na linaweza kurudi nyuma. Likitoboka limetoboka, jino haliotishi nyama kama kidonda cha mguu.

Weusi peke yake sio uozo. Kwenye mifereji ya magego kuna mistari myembamba ya kahawia au nyeusi ya chai, kahawa, sigara, na mingine ni uozo wa zamani uliosimama wenyewe, migumu inang'aa, hiyo inaachwa kama ilivyo. Cha kushtua ni kilaini, kina rangi ya kahawia mbichi au njano chafu, chakula kinanasa hapo hapo kila siku, uzi wa kusafishia ukipita katikati ya meno unachanika, au unaona kivuli cha kijivu chini ya enameli ambayo juu inaonekana nzima. Hicho kivuli ni kibaya kuliko kinavyoonekana, uozo ukishapita enameli unafika kwenye dentini ambayo ni laini zaidi, unatanuka huko chini kama mchwa kwenye mlango, juu rangi nzuri, ndani hamna kitu.

Ndugu zangu wa Arusha, Moshi na Manyara mnisikilize hapa. Meno ya kahawia ya huko mengi hayajaoza, ni floraidi nyingi kwenye maji ya ukanda ule wa volkano na bonde la ufa, mtu alikunywa akiwa mtoto jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya mfupa. Watu wa Nakuru na Naivasha kule Kenya wanaijua hii pia. Na magadi ya kuivishia maharage yanaongeza. Utofautishe vipi? Ya floraidi yanakuja mawili mawili, jino la kulia likiwa na doa na mwenzake wa kushoto analo, uso wake ni mgumu na mistari inakata jino kwa upana. Uozo hauna adabu hiyo, unashika jino moja unaliacha la jirani, na unapenda maficho. Nimewahi kupokea kijana kutoka Meru ameshaambiwa sehemu fulani meno sita ya mbele yameoza yachongwe yote yazibwe, nikayakausha nikayagusa, magumu kama jiwe. Alihitaji urembo kama anautaka, sio matibabu ya uozo.

Kingine kinachochanganywa ni mikato yenye umbo la pembe kwenye shingo za meno pale ufizi unapoanzia, inasisimka ukivuta hewa ya baridi. Mingi ni mswaki mgumu na mkono mzito wa mtu anayesugua kama anasafisha sufuria.

Na wale wa kufukiza mbegu za ndulele alafu wanakuonyesha "wadudu" kwenye beseni la maji, vile vijidudu ni viini vya mbegu zenyewe vimechomoka kwa joto. Fanya hivo hivo mtu asiye na jino hata moja, wadudu watatoka vilevile. Wanaoozesha jino ni bakteria hawaonekani kwa macho, wanakula sukari wanatoa tindikali, na uchachu mdomoni ukizidi mpaka kipimo chake, pH, kikashuka chini ya kama 5.5, enameli inaanza kupoteza madini. Mate yanarudisha hali ndani ya nusu saa hivi. Ndo maana idadi ya mara ina uzito kuliko wingi: anayekunywa soda moja na chakula akamaliza, jino linapumzika. Anayeiweka pembeni akavuta funda kila dakika kumi kuanzia saa nne mpaka saa nane, jino lake halijapumzika hata kidogo. Chai ya sukari ya mlinzi wa usiku hivo hivo.

Hatua ya tatu: kwenye kiti, mambo yanayotakiwa kufanyika kabla ya mtu kusema "tuzibe"

Jino linatakiwa lisafishwe na likaushwe kwa hewa. Sio mapambo. Doa jeupe ambalo huwezi kuliona likiwa na mate alafu likajitokeza baada ya sekunde tano za hewa ni uozo mchanga wa juu juu. Likionekana hata likiwa na mate limeingia ndani zaidi. Nani angejua hilo bila kukausha?

Ile sindano yenye ncha kali ya kuchokonoa, zamani tulifundishwa kuchoma kila mfereji ikinasa tunasema limeoza. Siku hizi inajulikana kwamba ukichoma doa laini kwa nguvu unaweza kulitoboa wewe mwenyewe, na kunasa kwenye mfereji haimaanishi uozo, mfereji ni mfereji. Inatumika taratibu, kuondoa uchafu na kupapasa, na yenye kijiduara mwishoni ndo nzuri zaidi. Ukiona mtu anachoma kwa nguvu zote muulize kwa upole, "daktari, huwezi kukausha tu tuangalie?"

Alafu picha, eksirei. Uozo wa katikati ya meno mawili ya nyuma yanayogusana hauonekani kwa jicho mpaka uwe mkubwa, unahitaji ile picha ndogo unang'ata kikaratasi. Inaonyesha magego ya juu na ya chini kwa pamoja. Kama tatizo linashukiwa kufika kwenye mzizi inapigwa ile inayoonyesha jino zima mpaka ncha ya mzizi na mfupa unaozunguka. Ujue kitu kimoja, picha inachelewa. Uozo wenyewe huwa umeenda mbele kidogo kuliko unavyoonekana kwenye filamu, kwaiyo ukionyeshwa kivuli kimekaribia kiini usibishane kwamba "bado kuna nafasi". Mjamzito sema mapema, picha inaweza kupigwa kama ni lazima ila lazima tujue.

Baada ya hapo kupima uhai. Pamba yenye baridi inawekwa kwenye jino lenye shida, ila kwanza kwenye jino zima la jirani ili ujue baridi ya kawaida inasikika vipi. Pasipo na ile dawa ya baridi ya kupuliza kwenye pamba tunagandisha maji ndani ya kifuniko cha sindano, kinatoka kijiti cha barafu, kinafanya kazi. Jibu kwa ukweli, usijikaze kiume hapo. Alafu linagongwa kwa mpini wa kioo, kidogo tu, tok tok. Likiuma kwa kugongwa, uvimbe umeshafika kwenye nyama inayoshika mzizi.

Hapa kwenye kugonga ndo nina kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa na foleni, akaja mama mmoja muuza mboga, gego la chini lina shimo la saizi ya kawaida, analalamika baridi tu. Sikugonga, sikuuliza kuhusu usiku, nikasafisha nikaziba vizuri, nikajisifu moyoni. Siku ya tatu yuko mlangoni shavu limejaa, ananiangalia tu hasemi kitu. Kiini kilikuwa kinakufa na mi nimekifungia mlango. Tangu siku hiyo nagonga hata jino la mtu aliyekuja kusafishwa.

Hatua ya nne: lipe jino lako kundi

Ukishapimwa, uliza swali hili moja, "jino langu liko kundi gani?" Mimi nayagawa hivi.

Lenye doa tu bila shimo halichongwi. Dawa ya mswaki yenye floraidi, angalia kwenye tyubu iandikwe kati ya 1000 na 1500 ppm, mara mbili kwa siku, ukimaliza tema povu usisuuze na maji mengi. Unapakwa vanishi ya floraidi kila baada ya miezi kadhaa, unapunguza ile mara mara ya sukari, tunapiga picha ya simu tunalinganisha ukirudi. Ukiona mtu anakimbilia kuchonga doa jeupe, nenda kaulize kwingine.

Lenye shimo na kiini kizima linazibwa, na hapa ndo mazungumzo ya material yanaanza.

Lenye shimo refu ila bado lina uhai na maumivu hayakai, hilo nalo linazibwa lakini kwa akili. Pembeni mwa shimo panasafishwa mpaka pagumu kabisa, ila chini karibu na kiini tunaweza kuacha makusudi tabaka kidogo la uozo uliokaza, kwa sababu kulifukua lote ni kukitoboa kiini, na bakteria wakifungiwa bila sukari wananyong'onyea. Wagonjwa wakisikia "tumeacha kidogo" wanadhani ni uvivu, ndo utaratibu wenyewe siku hizi.

Lenye kiini kilichokufa au kinachokufa lina njia mbili, kusafishwa mizizi, wengi wanaita rutkanali, au kung'olewa. Na lililobaki mizizi tu kama visiki shambani, ng'oa, usimpe mtu pesa ya kuziba hewa.

Hatua ya tano: sasa ndo tuongelee nyeupe na ya fedha

Kabla sijazitaja, jibu haya kichwani: shimo liko mbele au nyuma? Upande mmoja au limekula pande mbili tatu? Kingo zake zina enameli au limeshuka chini ya ufizi? Unasaga meno usiku? Una mashimo mangapi mengine? Umri? Na pesa, tusidanganyane, pesa ipo kwenye orodha ila isiwe ya kwanza.

Amalgamu, ile ya fedha. Ni unga wa fedha, bati na shaba umechanganywa na zebaki, zebaki ni kama nusu ya uzito. Imetumika zaidi ya karne na nusu kwa sababu ni ngumu, haijali sana mate kidogo, inasamehe makosa ya mzibaji. Ubaya wake, haigandi na jino yenyewe, inashikwa na umbo la shimo, kwaiyo unachonga na sehemu nzima kidogo ili ikae. Na kuna habari ya zebaki. Dunia ilisaini mkataba wa Minamata mwaka 2013, jina la mji wa Japani ambao watu waliumia kwa zebaki ya kiwandani, na mwaka 2022 nchi wanachama zikakubaliana isitumike kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha isipokuwa pale mtaalamu anapoona ni lazima. Umoja wa Ulaya umeizuia kwa matumizi ya kawaida tangu Januari 2025. Kwaiyo inaondoka taratibu. Ila sikia, kama una amalgamu ya miaka kumi na tano imetulia haivuji, usiende kuitoa kwa sababu umesoma kitu usiku ukaogopa, kuichimbua ndo kunakotoa mvuke mwingi kuliko kuiacha.

Kompositi, ile nyeupe ya taa ya bluu. Ni plastiki ngumu iliyojazwa unga wa kioo, inafanana na jino, inagandishwa na jino lenyewe kwaiyo hatuchongi zaidi ya uozo. Kwa meno ya mbele hakuna mjadala. Nyuma pia inafaa sana kwa mashimo madogo na ya wastani. Shida yake moja na hiyo moja ni kubwa: inachukia maji. Tone la mate au damu likiingia wakati wa kugandisha, leo itaonekana nzuri kwenye picha ya WhatsApp, baada ya mwaka ukingo umefunguka na uozo unaingia chini yake kimya kimya. Kwaiyo swali la kumuuliza mzibaji sio "unatumia ya nchi gani", muulize "utalikaushaje?" Akikwambia anafunga ile raba inayolitenga jino, umepata mtu. Pamba zinazobadilishwa na mashine ya kunyonya nazo zinafanya kazi shimo likiwa juu, ila shimo lililozama chini ya ufizi linalotoka damu, ukilazimisha kompositi hapo unanunua shida.

Glasi ayonoma. Hii ndo naipenda na ndo inayodharauliwa. Unga wa kioo na tindikali vinachanganywa, inashikana na jino kikemia hata pakiwa na unyevu kidogo, na inatoa floraidi taratibu. Sio nzuri kama kompositi kwa urembo, na kwenye gego la kutafunia mifupa ikipewa shimo la pande mbili tatu inalika na kuvunjika mapema. Ila kwa mtoto asiyetulia, kwa mzee ambaye mizizi imeoza pembeni ya ufizi, kwa ile mikato ya mswaki, kwa mtu mwenye mashimo nane anayehitaji moto uzimwe kwanza, hakuna kama hiyo. Na Watanzania tujivune kidogo hapa. Ile njia ya kusafisha uozo kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine, bila umeme, mara nyingi bila hata sindano ya ganzi, alafu unaziba, inayojulikana duniani kwa herufi ART (Atraumatic Restorative Treatment), ilianza hapa kwetu katikati ya miaka ya 1980 kupitia shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Mholanzi Jo Frencken. Baadae ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe na glasi ayonoma, na Shirika la Afya Duniani likaipigia debe Siku ya Afya Duniani, 7 Aprili 1994. Mwaka 2021 shirika hilohilo likaiingiza glasi ayonoma kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kwaiyo ukiambiwa zahanati ya kijijini "tutatumia ya mkono", usidhani umepewa huduma ya maskini.

Kuna ya mseto, glasi ayonoma iliyotiwa plastiki kidogo inayogandishwa na taa, inakaa katikati ya hizo mbili kwa uimara na muonekano. Na kwa shimo la nyuma lililoshuka chini ya ufizi tunafanya kama sambusa, chini tunaweka ayonoma inayovumilia unyevu, juu tunafunika na kompositi inayovumilia kutafuna.

Ya muda ni ile yenye harufu ya karafuu inayokusalimia mlangoni mwa kliniki yoyote ya meno, ni zinki oksaidi na mafuta ya karafuu. Inatuliza jino vizuri. Ila ni ya muda kweli, wiki kadhaa, na watu wanatembea nayo miaka miwili kwa sababu jino limeacha kuuma. Na kama umewekewa hiyo mahali pengine, mwambie anayekuja kuweka kompositi, maana yale mafuta yanazuia kompositi kukaza sawasawa, lazima ing'olewe yote na pasafishwe.

Kofia, wengine wanasema krauni. Gego likishafanyiwa rutkanali na kuta zake zimebaki nyembamba, kulijaza katikati tu ni kama kutia zege kwenye kikombe kilichopasuka, siku moja unatafuna muwa linagawanyika mpaka kwenye mzizi. Hapo hata ukiwa na uchungu wa bei, panga na kofia tangu mwanzo. Kama huwezi kuifikia gharama sema kabla ya kuanza rutkanali, sio baada.

Watoto niwaongelee mbali kidogo

"Hayo si ya utoto, yatang'oka tu." Gego la pili la utoto linakaa mpaka miaka kumi, kumi na mbili hivi, mtoto ataugulia miaka yote hiyo? Alafu kuna gego la kudumu linaota akiwa na miaka sita nyuma kabisa, halijasukuma jino lolote, wazazi hawajui limefika, wanadhani ni la utoto wanaliacha lioze. Mtoto akifika sita fungua mdomo hesabu. Lile likiwa zima linaweza kufunikwa mifereji yake kabla halijaanza shida.

Kwa mtoto mdogo mwenye mashimo mengi kuna dawa ya kupaka yenye fedha na floraidi, inasimamisha uozo bila kuchonga, ila pale palipooza panageuka peusi kama makaa, moja kwa moja. Tunawaonyesha wazazi picha kwanza. Wengine wanakataa meno ya mbele wanakubali ya nyuma, sawa kabisa. Na kofia za chuma za watoto zinavalishwa juu ya gego la utoto lililooza, nyingine bila hata kuchonga, zinadumu kuliko kuziba. Mtoto mmoja alinambia amekuwa roboti, alifurahi kuliko mama yake.

Hatua ya sita: siku ya kuziba na siku zinazofuata

Ukiwekewa kompositi utaona jeli, mara nyingi ya bluu, inapakwa, inakaa sekunde kama kumi na tano, inaoshwa, kunakaushwa, inapakwa gundi, taa. Alafu material inawekwa tabaka tabaka, ya kawaida kama milimita mbili kila tabaka, na taa kila mara. Mtu akijaza shimo refu lote kwa mkupuo na material ya kawaida akamulika mara moja, chini itabaki mbichi. Kuna aina zilizotengenezwa kwa ajili ya tabaka nene, hiyo uliza tu. Usiiangalie ile taa kwa macho.

Mwisho unang'ata kakaratasi ka rangi. Hapa usiwe mpole. Ukihisi kuna mahali pamekuwa juu sema, na kwa kuwa bado una ganzi unaweza usihisi, kesho ukiona jino linagonga la kwanza kabla ya mengine rudi, linasawazishwa dakika mbili. Watu wanakaa nalo wakisema litazoea, linaanza kuuma kwa kutafuna, wanalaumu material.

Glasi ayonoma inapakwa kinga juu au vazelini, usitafune nayo saa ya kwanza, na siku ile kula laini upande mwingine. Ganzi ikiwepo mwangalie mtoto asijing'ate mdomo, wanautafuna kama bablish.

Kusisimka kwa baridi siku chache hata wiki mbili na kunapungua, kawaida. Kunakoongezeka, au maumivu ya kujianzia usiku, rudi haraka, usisubiri tarehe uliyopangiwa, na usiende kwa mtu mwingine bila picha yako ya eksirei, iombe, hata ukiipiga picha na simu kwenye kioo cha kompyuta inatosha kuanzia.